Shokapu za Mbele

Miezi saba gari lilibisha hodi chini ya miguu yangu.
Ngo, kwenye tuta la kwanza la Pasua.
Ngo-ngo, kwenye reli.
Fundi Kileo aliibonyeza boneti kwa kiganja,
ikashuka, ikapanda, ikashuka tena,
kama mtu anayeitikia asichokielewa.
"Zimekufa zote mbili, dada,"
akataja bei ya ufundi.
Nami nikamuuliza hali ya watoto, nikaondoka.

Jumamosi, saa moja, baridi ya Julai bado imekaa uani.
Mawe nyuma ya matairi. Jeki.
Halafu gogo la mgrevilea chini ya chesisi,
maana jeki ni ahadi, na chini ya ahadi silali.
Ndekirwa, mtoto wa dada, kidato cha tatu,
anashika tochi ya simu na kunimulika puani.
"Mulika kutu, baba, siyo mimi."

Boliti mbili za chini zilikuwa zimeoana na nati zake
ndoa ya kanisani, isiyo na talaka.
Tukazinywesha mafuta ya taa, tukanywa chai,
tukazinywesha tena.
Spana namba kumi na tisa; juu ya spana, bomba la maji, mita nzima;
juu ya bomba, mimi,
kilo zangu zote themanini na moja
ambazo daktari huzilaumu kila kliniki.
Kriii.
Sijawahi kuushukuru mwili wangu kama asubuhi ile.

Kabla ya kuichomoa niliweka alama
kwa rangi yangu ya kucha, nyekundu ya harusi ya Ndeanasia,
pale boliti ilipokaa,
ili tairi lirudi kusimama lilivyozoea.
Hozi ya breki nikaitoa kwenye kishikio,
hubu nikaifunga kwa mpira wa baiskeli.
Mzigo hauning'inizwi kwenye mshipa.

Kisha nati tatu chini ya boneti.
Ile ya nne, ya katikati, usiiguse.
Nilisema mara tatu, mara ya tatu kwa Kichagga.
Springi imebanwa pale tangu Japani,
ina hasira ya miaka kumi na tisa
na inajua mlango mmoja tu wa kutokea.
Tukaivika vibano viwili,
huku nusu mzunguko, kule nusu mzunguko,
tukipumua kwa zamu,
mpaka ikalegea kitini mwake
kama jino la mtoto.
Ndipo ya katikati ikapata ruhusa.

Shokapu ya zamani niliikandamiza kwa mkono mmoja.
Ikazama. Ikabaki huko huko.
Oili nyeusi ikanichuruzika hadi kiwikoni.
Mpya niliisukuma, ikarudi polepole,
kama mtu aliyeambiwa ahame
na anajua kiwanja ni chake.

Ya kushoto ilitupeleka mpaka adhana ya alasiri.
Ya kulia, saa moja na nusu tu.
Nyundo iliyopotea ilikuwa chini ya Ndekirwa, ameikalia.

Jumapili nikapanda Kibosho.
Mashimo yale yale, gari linayameza kimya,
nikaanza kusikia vitu nisivyowahi kuvisikia:
sarafu kwenye kisanduku,
mkanda wa abiria ukigonga mlango,
tumbo langu.

Nikakata kona ya kihamba, nikazima.
Jikoni hakuna moshi.
Mama, ambaye macho yake sasa yanatofautisha
usiku na mchana, basi,
alikuwa akinisikia tangu darajani,
ngo-ngo-ngo, anabandika mtori;
nikifika, unachemka.
Leo nilimkuta anachambua maharage.
Akashtuka, ungo ukamponyoka.
"Nani?"
"Mimi, Anande."
"Umekuja kwa miguu?"

Nikamshika mkono hadi kwenye gari.
Akaweka viganja viwili juu ya boneti,
akabonyeza, kama Kileo.
Ikashuka mara moja. Ikapanda mara moja. Ikatulia.
Akanyamaza kidogo.
"Basi uwe unapiga honi pale darajani," akasema,
"na maharage yangu uyaokote."